Kadi Iliyobaki Mkononi

Wenzangu niliowaacha ofisini wamenifuata mpaka nyumbani na ombi lao: niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, wapate cha kuwasomea wanaoanza. Nimekubali kwa sharti moja. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vilikuja vyenyewe, kama mvi, na mshahara uliishia kwenye karo na mabati kama mishahara ya wengine wote pale Sumbawanga. Nitaandika nani alinifundisha kazi, na siku ambayo kazi ile ilitaka kummeza. Asiyependa habari ndefu aishie hapa, tutasalimiana sokoni.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya baridi. Mmezoea masweta ya mitumba ninyi; sisi tulijifunga khanga mbili na kumwomba Mungu. Nilipelekwa kwenye stoo ya chama cha ushirika, nikakabidhiwa kwa karani mmoja mrefu, Bonaventura, ambaye wakati huo hakuwa mzee bado ila watu walishaanza kumwita Mzee Bona kwa sababu ya utaratibu wake. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza, "Umenawa?" Nikasema nimenawa. Akasema, "Kanawe tena. Kadi ya mkulima ikishikwa na mkono wa mafuta, jina linakufa."

Kadi zilikuwa za karatasi ngumu, moja kwa kila mkulima, na kila msimu zilirudi kutoka vijijini zimevurugika kama mahindi yaliyomwagika. Kazi yetu ilikuwa kuzipanga kwa alfabeti, ili siku ya kugawa mbegu karani aite majina kwa mfululizo na kila mtu ajue zamu yake iko karibu au mbali. Nilianza kuzipanga moja moja, natafuta A zote, kisha B zote. Mzee Bona aliniacha nihangaike asubuhi nzima. Baadaye akaja, akatandika mkeka, akasema, "Sesilia, rundo likikushinda usipigane nalo. Ligawe. Nusu ikikushinda, igawe tena. Utafika mahali una kadi moja mkononi, na kadi moja imeshajipanga." Wenye majina yanayofanana aliwaweka pamoja na kuwafunga kwa uzi wa katani. Nilidhani ni ujanja wa stoo tu. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba huo ni utaalamu unaofundishwa chuoni kwa muhula mzima.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Madukani sukari ikaonekana bila foleni, na hilo lilikuwa jema. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao hadi mlangoni kwa mkulima. Mbolea nayo ikapanda bei mpaka watu wakawa wanaitaja kwa sauti ya chini kama ugonjwa. Chama cha ushirika kikadhoofika, na wenzetu wengi wakapunguzwa. Neno hilo silipendi hadi leo. Unapunguza chumvi au maji kwenye unga, lakini watu?

Stoo ile ile ikapangishwa kwa kampuni ya mbegu. Walimchukua Mzee Bona awe karani wao wa vijiji vya Chala, kwa kuwa alijua kila njia ya huko, na mimi walinichukua kwa sababu nilijua kupiga chapa. Meneja aliletwa kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Josefu, ila hakuna aliyethubutu kulitumia jina hilo; tulimwita Meneja, hata mke wake alimwita hivyo mbele yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka aliyetupwa kwenye baridi, na kila aliyekutana naye alimtania kuhusu Sumbawanga na uchawi mpaka usingizi ukawa haba.

Kompyuta ililetwa kutoka Mbeya na dereva wetu, Josefu mwingine, ambaye sisi tulimwita Jose. Aliifunga kwa blanketi la kitandani kwake na kuendesha polepole kiasi kwamba baiskeli zilimpita. Ikawekwa kwenye chumba cha peke yake, ikashonewa pazia, na Meneja akatoa amri kwamba anayeingia avue viatu kwa sababu ya vumbi. Mnacheka. Sakafu ya saruji, mwezi wa saba, soksi zimetoboka. Nilikuwa natoka mle ndani vidole vimekufa ganzi, lakini mashine ilikuwa na afya.

Pamoja na mashine alikuja Leokadia. Binti wa Bukoba, ametoka chuo Dar, yuko kwenye kipindi cha majaribio. Aliniamkia shikamoo ilhali sikufikia umri wa mama yake, na mimi nikaitika marahaba bila aibu. Alikuwa na tabia ya kutafuna penseli akiwaza na kuisemesha kompyuta Kihaya akidhani hakuna anayesikia. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Mume wake alikuwa amepunguzwa serikalini, kwa hiyo nyumba yao ilisimama juu ya ile ajira ya majaribio.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifundisha mashine kupanga majina. Mtauliza kwa nini hatukununua programu iliyo tayari. Tungeinunua wapi? Mashine ilikuja tupu, pamoja na disketi ya Paskali, lugha ya kuandikia programu. Leokadia alikuwa na karatasi za mwalimu wake wa chuo, zimetolewa nakala mpaka herufi zimekonda, na ndani yake kulikuwa na hatua za kupanga zilizoandikwa kwa ile lugha ambayo si ya watu wala si ya mashine. Wataalamu huiita sudokodi. Nilizisoma na kuzielewa, na hapo ndipo nilipojua kwamba Mzee Bona ni msomi.

Zilisema hivi. Kama kundi halina jina, au lina jina moja tu, liache lilivyo. Vinginevyo chagua jina moja liwe nguzo. Majina yanayotangulia nguzo yaweke kushoto. Majina yanayoifuata nguzo yaweke kulia. Panga la kushoto kwa njia hii hii. Panga la kulia kwa njia hii hii. Kisha unganisha: kushoto, nguzo, kulia. Basi. Ujanja wake ni hapo kwenye "njia hii hii": programu inajiita yenyewe kufanya kazi ndogo zaidi, nayo inajiita tena, mpaka kazi inaisha yenyewe.

Mara ya kwanza haikuisha. Tuliiwasha, ikanguruma, ikatuandikia kwa Kiingereza kwamba nafasi imejaa, ikanyamaza. Meneja alisema ni umeme. Jose alisema ni vumbi. Mlinzi wetu Kulwa, kijana wa wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, alisema kwa heshima zote kwamba mashine inawezekana imechoka. Leokadia alitafuna penseli siku nzima, halafu akajipiga paji la uso. Alikuwa ameacha hatua ya kwanza, ile ya kundi lisilo na jina. Alinieleza hivi: "Ni kama kumtuma mtoto dukani, naye amtume mdogo wake, naye mdogo wake amtume mwingine, na hakuna hata mmoja anayeenda." Akaiandika hatua ile, akaijaribu kwa majina ya wenzake wa chuoni, yakatoka yamenyooka. Siku hiyo alitununulia maandazi.

Sasa sikilizeni habari yenyewe.

Fomu za Chala zilikuja na Mzee Bona mwenyewe, kwenye basi, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine. Mvua zilikuwa zinanukia. Mashamba yalishalimwa matuta, watu wanasubiri mbegu tu. Niliingiza majina yote kwenye mashine, Leokadia akaipa amri, na printa ikaanza kulia ile sauti yake ya kuumwa jino. Orodha ikatoka, nzuri, safi, kila jina chini ya mwenzake kwa mpangilio. Meneja akaichukua kwa mikono miwili.

Aliporudi, siku hiyo ya Alhamisi, alikuwa amebadilika sura. Orodha ilikuwa fupi kuliko fomu. Alikuwa ameketi na fomu akalinganisha, na alichokiona kilimtosha: kila jina kwenye orodha lilikuwa mara moja, wakati kwenye fomu kulikuwa na majina yanayojirudia, kijiji kile kile, jina la mtu na la baba vile vile. Deusi Kristiani peke yake alikuwa na fomu tatu.

"Majina hewa," Meneja akasema. "Mtu mmoja, mifuko mitatu. Mashine imemkamata mzee wenu."

Mzee Bona alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, soksi zake zimeshonwa kisigino. Akasema, "Meneja, hao ni watu watatu. Nawajua kwa sauti."

"Na wote wanaitwa jina moja?"

"Ndiyo, Meneja. Ni wajina."

Kwa asiyekaa kwetu, jibu hilo lilisikika kama utani. Lakini huku kwetu Ufipani mtoto hurithi jina la babu, na jina la babu ni la mtakatifu, na watakatifu wanaopendwa Chala si wengi kiasi hicho. Simama sokoni siku ya gulio uite Deusi, watageuka watu wa kutosha kuanzisha kwaya. Nyumbani tunatofautishana kwa njia zetu: Deusi wa Mtoni, Deusi Fundi, Deusi wa kwa Yustina. Fomu ya kampuni ilichapwa Dar na ilikuwa na nafasi ya jina lako na la baba yako. Ya Mtoni ungeiandika wapi?

Nilisema, "Meneja, ni kweli. Hata mimi nawajua wawili."

Akaniangalia, si kwa ubaya. "Dada Sesi, wewe ni wa huko huko."

Ni kweli mimi ni wa huko huko. Meneja akazifungia fomu kwenye droo yake ziwe ushahidi, akamwambia Mzee Bona akae nyumbani mpaka Jumatatu, na Jumatatu suala hilo litapelekwa polisi. Lori la Chala lingeondoka Jumanne na mifuko ya kwenye orodha, basi. Mzee Bona hakubishana. Alivaa viatu vyake taratibu pale kwenye ngazi, akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. Mtu aliyenifundisha kunawa mikono kabla ya kushika jina la mtu sasa anaitwa mwizi wa majina.

Meneja alipogeuka kwenda, alimpongeza Leokadia. Alimwambia mashine inayokamata wezi ni faida kubwa kwa kampuni, na kwamba ataandika barua nzuri kuhusu kipindi chake cha majaribio. Alipoondoka, yule binti alikaa chini akaanza kutoa machozi.

"Dada Sesi," akaniambia, "sijaandika popote kwamba ikamate mtu."

"Una hakika?"

"Nimeifundisha kupanga tu. Haijui mwizi ni nini."

Angeweza kunyamaza. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi: barua nzuri ilikuwa njiani, mume hana kazi, na hakuna ambaye angemuuliza kitu. Badala yake alifuta uso kwa kitenge, akafungua programu, akaanza kuisoma mstari kwa mstari huku akifuata karatasi za mwalimu kwa kidole.

Kwanza tulishuku vidole vyangu, maana mimi ndiye niliyechapa. Tukafungua faili la majina kabla ya kupangwa. Deusi Kristiani alikuwamo mara tatu, ametawanyika kati ya wenzake. Tukashuku disketi, tukabadilisha. Tukashuku printa, tukaangalia kwenye kioo cha kompyuta. Majina yaliingia yote na kutoka pungufu. Na programu ilifanana na karatasi za mwalimu neno kwa neno. "Hakuna mstari unaosema futa," Leokadia akawa anarudia. "Hakuna, dada. Hakuna." Alipokwenda kumweleza Meneja hivyo, alijibiwa kwamba basi mashine ina akili kuliko aliyeiandika.

Jumamosi umeme ukakatika kwa zamu yetu. Leokadia alitaka kwenda nyumbani akasali. Nikamwambia, subiri. Nilienda stoo nikauchukua mkeka, ule ule wa zamani, panya wameula pembe moja. Nikakata karatasi za printa ziwe kadi na kuandika majina. Yeye akaanza kunitajia majina ya wenzake wa chuoni, yale aliyoyatumia kwenye majaribio.

"Hayo yaache Dar," nikasema. "Tunaandika ya Chala."

Nikaandika yale niliyoyakumbuka. Piusi Alfonsi. Yustina Deusi. Deusi Kristiani, mara tatu. Kristiani Deusi. Tukaketi mkekani, yeye na karatasi za mwalimu, mimi na kadi.

"Sasa wewe ni mashine," akaniambia. "Usifikiri. Fanya ninachosoma tu."

"Kutofikiri nitaweza," nikasema. "Nimefanya kazi ofisini muda mrefu."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akasoma: chagua jina moja liwe nguzo. Kadi ya katikati ilikuwa Deusi Kristiani. Nikaiweka mbele yangu. Akasoma: majina yanayotangulia nguzo, kushoto. Nikapitia kadi moja moja. Hakuna aliyemtangulia Deusi. Akasoma: majina yanayoifuata nguzo, kulia. Nikaweka Kristiani kulia, na Piusi, na Yustina.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Kwa nini?"

Nikanyanyua mkono. Nilikuwa nimebaki na kadi mbili.

"Weka," akasema.

"Wapi?"

"Hiyo ni Deusi Kristiani. Inaitangulia nguzo?"

"Haitangulii. Inalingana nayo."

"Inaifuata?"

"Haiifuati."

Akaniangalia mimi, akaangalia kadi, akaangalia karatasi. Nilimwona akisoma zile hatua upya, midomo inacheza, mpaka akafika mwisho: unganisha kushoto, nguzo, kulia. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga bati, na mimi nimekaa na wale Deusi wawili mkononi, sina pa kuwaweka. Kama ningekuwa mashine kweli, ningekunja mkono na kuendelea. Sio kwa wizi wala kwa akili. Hakuna aliyeniambia niwafanyeje.

"Mwalimu alikuwa anapanga namba za mtihani," Leokadia akasema polepole. "Namba za mtihani hazifanani." Kisha akafunika uso kwa viganja. "Mungu wangu. Mzee wa watu."

Wa kumlaumu simwoni. Mwalimu alifundisha vizuri kwa wanafunzi aliokuwa nao. Binti alifuata vizuri alichofundishwa. Majina ya wenzake wa chuoni yalitoka pembe zote za nchi, hayakugongana hata mawili. Ile programu ingeweza kuzeeka Dar bila mtu kuishuku. Ilibidi ifike Chala, mahali babu na mjukuu ni jina moja, ndipo ijulikane ina tundu.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi kuliko maneno haya. Kushoto, kulia, na kundi la tatu la katikati kwa wanaolingana na nguzo, wakae pamoja nayo. Umeme uliporudi aliiandika, na lile kundi akalipa jina kwenye programu: wajina. Lakini programu ya zamani hakuifuta. Alisema anaihitaji Jumatatu.

Jumatatu asubuhi Meneja alifika mapema, koti la baridi limefungwa hadi shingoni. Leokadia alimsalimia, akamwomba aingie kwenye chumba cha mashine kabla ya kupiga simu yoyote. Akavua viatu. Mimi nilikuwapo, na Kulwa akachungulia, na Jose akaja kwa sababu Jose hakosi.

"Nataka kukuonyesha inavyokamata," Leokadia akasema. Akachapa majina yetu ya ofisini, la kwanza tu la kila mmoja: Josefu, Leokadia, Bonaventura, Kulwa, Sesilia, Josefu. Akabonyeza. Yakatoka yamepangwa vizuri. Bonaventura, Josefu, Kulwa, Leokadia, Sesilia.

"Sawa," Meneja akasema. "Iko vizuri."

"Meneja, tuko sita."

Akasoma tena. Leokadia hakuinua sauti. Akasema, "Josefu mmoja ameondoka. Kati yako na Jose, sijui nani ni jina hewa."

Kulwa akarudi nyuma ya pazia haraka. Jose akatazama dari. Mimi nikawa nahesabu barua nzuri ya Leokadia kuwa imeshachanika. Halafu Meneja akavuta kiti, akaketi, akasema, "Nionyeshe kwa kadi." Maana Leokadia alishazishika mkononi. Akamwonyesha. Alipofika pale pa kadi mbili kubaki, Meneja mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Na hawa?" Hakuhitaji kujibiwa.

Akaenda kufungua droo. Tukazitandika zile fomu tatu za Deusi Kristiani mezani. Moja ilikuwa na sahihi ya mwandiko wa seminari, imelala kama nyasi. Ya pili ilikuwa na dole gumba. Ya tatu ilikuwa na jina lililoandikwa kwa shida, herufi kubwa, kama mtu anayechonga mti.

"Basi mwizi huyu," nikasema, "asubuhi anajua kuandika, mchana amesahau, jioni anajifunza upya."

Meneja akacheka, kisha akaacha kucheka. Ule ushahidi ulikuwa kwenye droo yake tangu Alhamisi, ila mashine ilikuwa imeshasema, na mashine ikishasema nani anafungua droo? Hakuagiza Mzee Bona aitwe. Alivaa viatu akaenda mwenyewe nyumbani kwa mzee, pale pale mjini, kwa miguu. Walichozungumza sikijui. Mzee Bona, nilipomuuliza, alisema tu, "Kijana amekunywa chai. Amesema ya kwetu ina tangawizi nyingi."

Ile barua ya Leokadia, kwa wanaotaka kujua, iliandikwa. Ilisema programu ina kasoro na mwandishi wake ndiye aliyeigundua. Sijapata kuona barua nzuri kuliko hiyo.

Jumanne tulikwenda Chala, lori limejaa mifuko inayotosha. Leokadia aliomba kuja, alitaka kuwaona. Watu walikuwa wamekusanyika uwanja wa parokia tangu asubuhi, wanawake upande wao, wazee wamekalia gogo, wingu jeusi linasogea kutoka upande wa ziwa. Habari ya fomu ilishawafikia, habari mbaya haingoji basi. Walishajua kwamba kila jina lingekuwa na mfuko mmoja, na walishajipanga wenyewe. Kwetu wajina hawagombani. Kugombana na wajina wako ni kujitukana. Mdogo anampisha mkubwa, na hakuna anayekuja kulalamika ofisini. Ndiyo sababu kosa lile lingeweza kukaa miaka na sisi tusisikie hata mnong'ono.

Mzee Bona alisimama kwenye ngazi ya lori. Alikuwa amenawa mikono. Nilimwona akimwagiwa maji na Jose. Akafungua orodha mpya, akaanza kuita kwa sauti yake ile ya kanisani. Aloisi. Anastazia. Benedikti. Kila mmoja anakuja, anashika mfuko, anaondoka.

"Deusi Kristiani."

Akaja mzee mfupi, Deusi wa Mtoni, akapokea mfuko wake, akauweka begani.

"Deusi Kristiani."

Hakuna aliyesogea. Watu walidhani Mzee Bona ameteleza akarudia mstari. Pale nyuma kijana mmoja mwenye kofia ya sufu aliinamisha kichwa, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mkewe alikuwa amesimama kando yake na mtoto mgongoni, naye hakumsukuma. Leokadia akanishika mkono, vidole vyake vya baridi.

Yule mzee wa Mtoni alikuwa ameshaanza kuondoka. Akageuka na mfuko wake begani, akamtafuta kwa macho kati ya watu mpaka akampata.

"Wajina," akamwambia, "ni wewe huyo. Mimi nimeshaitika."

Kijana akavua kofia. Akapita katikati ya watu, hatazami mtu, akanyoosha mikono yote miwili, na Mzee Bona akamkabidhi mfuko wake. Kisha Mzee Bona akarudi kwenye karatasi, akasafisha koo, akaita tena.

"Deusi Kristiani."